Mzee wa Jirani

Binti yangu Severina aliifuta sauti yangu kwenye filamu yake ya kumalizia chuo.

Nilikaa mbele kabisa ukumbini, nikaona midomo yangu kwenye skrini ikisimulia jinsi mama yake alivyokata roho kwenye mkokoteni wa ng'ombe kabla hatujafika hospitali. Sikuwahi kumsimulia mtu mwingine. Maneno yalikuwa yangu, lakini aliyesikika ni kijana mwenye sauti laini, kama anatangaza sabuni redioni.

"Sauti yangu iko wapi?" nilimnong'oneza.

"Baba, unachanganya na Kinyaturu. Watu wangecheka."

"Mama yako alikuwa ananielewa."

"Tafadhali, baba. Mwalimu anakuja."

Mwalimu alimpongeza, kisha akanigeukia. "Shikamoo mzee. Severina, huyu ndiye baba?"

Severina aliviangalia viatu vyangu vya matairi, vumbi la shamba bado limeng'ang'ania kwenye kucha.

"Hapana, ni mzee wa jirani. Nilimwomba tu aigize."

"Marahaba, mwalimu," nikaitikia.

Severina alipoanza chuo nilikuwa na ng'ombe wanne wa kulimia. Wawili niliwauza mwaka wa kwanza, wawili mwaka wa pili. Mwaka huu ekari tatu za alizeti nimezilima kwa jembe la mkono.