Mikate Iliyoungua kwa Makusudi

Trei ya tatu ya asubuhi hiyo ilitoka tanurini nyeusi tii, na Mtafiti nusura aruke kwa furaha.

Mtu mwingine angeona mikate imeungua. Yeye, kwa kuwa alisoma, aliona mgomo wa kimya wa wafanyakazi dhidi ya mwenye mali. Akashika tumbo, akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akaenda kuandika.

Ndivyo msimamizi wake wa chuoni alivyomfundisha. Ukitaka kuwajua watu, fanya nao kazi yao, usijitambulishe mpaka wakuzoee, na daftari wasilione. Basi akaingia kwenye duka lile la mikate kwa jina la mwokaji mzoefu, yeye ambaye hata chai aliichemsha kwa kubahatisha. Mwenye duka hakuuliza vyeti. Alikuwa anatafuta watu wa mshahara mdogo, na huyu aliukubali bila kubishana. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, ila hawakusema mgeni akija na kalamu soksini inakuwaje.

Tusimcheke sana. Tasnifu yake ya uzamivu ilikuwa imerudishwa mara mbili, na msimamizi alimwambia ya tatu ndiyo ya mwisho. Huko nyumbani mama yake alikuwa ameshawazoesha majirani kumwita Mama Daktari. Kwa hiyo Sura ya Nne, ile ya matokeo, ilikuwa ya kufa na kupona.

Mungu si Athumani, akampata Mzee wa Tanuri. Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, mpole, wa maneno machache. Sura ya Nne nzima ilikaa juu ya mgongo wake.

"Mzee wangu, mbona hapa mikate inaungua kila siku?"

Mzee alifikiri kidogo. "Wewe mwanangu, unaonaje?"

Hekima iliyoje. Mtafiti akaeleza anavyoona, tena kwa kirefu, habari ya mgomo wa kimya na yote. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akashika tumbo, akaelekea msalani. Uzee nao una mambo yake.

Msala ule ulimpa Mtafiti kurasa tele. Dada Mkandaji alikuwa akiacha donge mezani na kukimbilia huko. Muuzaji wa dirishani aliwaacha wateja wameshika hela mkononi. Kuna siku foleni ilifika kwenye magunia ya unga. Mtafiti akaandika kwamba hiyo ndiyo njia ya wanyonge ya kumwibia tajiri muda wake, akaisoma tena sentensi hiyo, akajipongeza.

Wateja, watu wasio na nadharia, walianza kununua mikate kwingine.

Ndipo asubuhi moja mwenye duka akaingia jikoni, akawaita wote wanne, akaketi juu ya gunia. Hakufoka. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia njiani.

"Jamani, duka hili niliachiwa na marehemu baba. Simfukuzi mtu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kati yenu, nani aliwahi kuoka mkate kabla ya kuja hapa?"

Mtafiti akainamisha kichwa. Aliona aibu, na raha pia, maana sasa wenyewe wenye kazi wangesema, na sura ingepata pa kuishia. Akasubiri. Alipoinua macho, Dada Mkandaji alikuwa anakagua kucha zake. Muuzaji ameshashika tumbo.

Mzee wa Tanuri akamvuta shati kwa nyuma, akamnong'oneza.

"Mwanangu, niokoe, nyoosha mkono wewe. Msimamizi wangu hatanielewa. Sura yangu ya Nne yote ni wewe."