Sahani ya Kuchakulo

Paliondokea Kuchakulo mmoja, mpole kupita kiasi, ambaye kila asubuhi alikuta karanga zake zimepungua konzi moja.

Jirani yake Nguchiro, mwepesi wa hasira, akaja na rungu. "Dada, leo namvizia huyo mwizi. Nitamvunja miguu!"

"Mwizi wa konzi moja ana njaa, kaka," akasema Kuchakulo. Akajaza karanga kwenye sahani yake ya pekee, akaifunika kawa kama chakula cha kupelekewa jirani, akaiacha mlangoni.

Kulipokucha, sahani haipo, kawa halipo. Nguchiro akacheka hadi akakaa chini. "Sasa umemfundisha kuiba na vyombo!"

Kuchakulo akaenda kuchuma jani pana, moyo ukimuuma. Siku tatu akala kwenye jani.

Siku ya nne, mchana kweupe, ikapigwa hodi. Alikuwa Panya, mhamiaji wa shimo la pili, ambaye hakuna aliyewahi kwenda kumjulia hali. Sahani ameiosha ikang'aa, na chini ya kawa mna kiazi kimoja.

"Niwie radhi, dada, nimekawia," akasema, macho chini. "Sahani ya jirani hairudi tupu, nami sikuwa na cha kutia."

Nguchiro, aliyekuwa bado akivizia hapo kando, akalitazama rungu lake. Kisha akaenda kwake kutafuta sahani.