Jina la Fuko Jiweni

Zamani za vita, Nungunungu na Nyegere waliungana wakawang'oa Fisi waliokuwa wakiwatawala. Handaki la kuingilia ngomeni mwao lilichimbwa na Fuko pamoja na rafiki yake Sange, mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu.

Ilipofika sikukuu ya ukombozi, mataifa yote mawili yalikusanyika kwenye mnara wa mashujaa. Korongo, mshereheshaji, akasoma majina ya mashujaa waliokufa, yaliyochongwa kwenye jiwe la mnara. "Fuko!" akatamka, na umati ukainamisha vichwa.

Fuko, aliyesimama katikati yao, akajipapasa mbavu. Je, alikufa asijue? Akapaza sauti, "Bwana Korongo, mbona mimi nipo?"

"Nyamaza, mzee! Fuko tulimtoa handakini amejaa udongo, tukamzika hapa."

Jemadari wa Nyegere, mgeni rasmi, akamsogelea akamnusa. "Ndiye huyu! Nilitambaa nyuma yake handakini."

Umati ukashangilia, Fuko akabebwa juujuu. Yeye akazidi kuchanganyikiwa.

"Niteremsheni," akasihi. "Kama mimi nimo mikononi mwenu, mliyemzika ni nani?"

Ndipo Fuko akakumbuka kwamba Sange alirudi handakini kuwafuata majeruhi, na hakuonekana tena. Akaliendea jiwe, akaanza kulikwangua jina lake mwenyewe kwa kucha, ili Sange naye apate kuliliwa.