Mwanamume wa Getini

"Mtoe huyo mwanamume, nimvunje miguu!"

"Nimtoe wapi, baba? Hapa ni nyumbani kwa watu, si duka la wanaume," alijibu jirani, mikono kiunoni, mwili wake mpana umeziba geti. Mtaa ulimwita Mama Taarifa. Nyuma yake wapangaji walikwishajipanga kama waliolipa kiingilio.

Yule aliyekuwa akifoka, mtafiti wa picha za video, alimsogezea simu usoni. "Na huyu nani?"

"Ah, video hiyo! Niliirusha mwenyewe, ikiwa na sura yake. Mmepokezana mpaka imekuwa uji."

Kweli ilikuwa uji. Ilipita simu hadi simu, kila moja ikiibana zaidi ili iwe nyepesi, ikabaki madoa ya rangi. Lakini mwavuli wa njano wa mkewe ulionekana, hapo hapo getini, na mtu mwenye koti jeusi akimnyanyua juu juu kama mtoto.

Mke alipofungua mdomo kujieleza, alitupiwa nguo nje. Sasa alikuwa mle ndani, jikoni kwa Mama Taarifa, akipika. Mtafiti alibaki akimwaza huyo mwenye koti tu. Chakula hakikupita, usingizi ulimkimbia. Alimtaka mkononi.

Na hiyo ndiyo kazi aliyoisomea ng'ambo! Kule maabara alibana video, kisha akaketisha watu watoe alama: inaonekana vizuri, au ovyo? Mara ngapi amewacheka walioapa wameona mbwa, kumbe ni kivuli cha ndoo, picha imeharibika na wao wakajijazia.

"Nataka video yenyewe, kabla haijabanwa. Iko kwenye kamera yako."

"Kamera ilikufa mwaka juzi, baba. Kisanduku chake cha kuhifadhia picha kipo, kinakula vumbi."

"Kilete!"

"Naleta. Ila tutatazama sebuleni, wote. Mtoto wa watu ulimfukuza hadharani, basi na mwanamume wake tumwone hadharani."

"Ndicho ninachotaka. Asibaki hata mmoja nje."

Kisanduku kikapanguswa, kikaunganishwa na runinga. Picha ikaja safi, kama dirisha lililofutwa: geti, mwavuli, begi kubwa la safari likidondoka, koti, ndevu za kutisha. Mtafiti akakunja ngumi. Yule mtu akamshusha mwanamke taratibu, akainama kuokota begi, akainuka akiichekea kamera.

Kisha wapangaji, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kumtazama mtafiti na kidevu chake kilichonyolewa.

Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliitazama runinga mpaka uso ukamlegea.

"Huyo ndiye mume wangu," alisema, "siku aliyorudi kutoka masomoni."

Halafu akamwangalia aliyesimama na ngumi zake katikati ya sebule.

"Huyu simjui. Lakini chakula kipo, mama. Mkaribishe mgeni, ale."