Makatambuga ya Koplo Kitwana

Koplo Kitwana aliingia kibandani bila hodi, akitembea kwa visigino, nyayo zimevimba kwa miiba. Buti zake alizishika mkononi. Akazitupa mbele ya fundi Msabaha.

"Siku hizi shikamoo imeadimika kama sukari?" fundi aliuliza. Alikuwa mtu wa umri wa kumzaa Kitwana, mguu mmoja mfupi tangu utotoni.

"Nitakuamkia nikipona. Nataka viatu vya kukimbilia."

Hapakuwa na mtu pale Mlingotini asiyejua anamkimbiza nani. Kila karafuu za magendo ziliposhushwa kutoka Unguja, alfajiri mtu mmoja alibeba mzigo mgongoni toka mikokoni, akapita nao mbio juu ya majabali mpaka barabara ya Bagamoyo, ambako lori lilikuwa likingoja. Mwaka ulikuwa unaisha na Kitwana hajamtia mkononi. Sasa wakubwa wake wamechoka. Mwezi ukiandama hujamkamata, wamemwambia, tepe zako tunazivua.

"Juzi nilimfikia," alisema. "Nilivua buti nikamfuata pekupeku. Hakugeuka mpaka nilipomshika nguo." Akatoa mfukoni kipande cha kikoi chenye pindo jekundu, akakitupa mezani. "Kijana, ana miguu mirefu, kapiga ubinda, kichwa kajifunika. Kisha miiba ikanishika mimi. Nitengenezee kitu chepesi kama wayo wangu. Nikimpata, atawataja wote wanaomficha, na watafungwa naye. Wewe ungekuwa wa kwanza kushukiwa, kama si huo mguu."

"Basi kumbe una faida, mguu huu," fundi alisema.

Hawakupendana. Kitwana huyuhuyu ndiye aliyemlaza rumande masika yaliyopita, eti kibanda hakina leseni. Lakini fundi alimkalisha, akamchomoa miiba, akampima wayo kwa uzi, akachagua kipande cha tairi la lori lililolika likawa jembamba. Akayakata makatambuga, ndani akaweka ngozi ya mbuzi. Akamfunga mikanda mwenyewe.

"Kajaribu. Nenda mpaka mikokoni, urudi kwa njia ya kisimani."

Kisimani, palipoonekana toka mlangoni pa kibanda, alikuwapo Chausiku, mke wa fundi, mwanamke wa kimo, ameinama anafua, beseni katikati ya njia. Kitwana alichomoka kichakani nyuma yake, akaruka beseni. Mama wa watu akapiga yowe, sabuni ikamtoka mkononi.

"Mkeo ni kiziwi?" Kitwana aliuliza aliporudi. "Nusura nimkanyage."

"Ana mengi kichwani."

"Haya yananifaa. Laini. Nayachukua."

Fundi alikwisha kumshika mguu, anafungua mikanda. "Bado. Yatakuumbua jabalini. Mimi sitoi kazi mbichi, hata kwa mbwa."

"Chunga mdomo wako, mzee."

"Chunga nyayo zako. Kaa."

Ya pili aliyakata kwenye tairi jipya, nene. Kitwana akakimbia tena, akitukana mikanda, akitukana jua. Chausiku aligeuka Kitwana akiwa ameshamfikia, akalivuta beseni likammwagikia. Kule kibandani fundi alikuwa amesimama mlangoni kwa ule mguu wake mzima, na kabla Kitwana hajafika alikuwa anatikisa kichwa.

"Unamtikisia nani kichwa?"

"Viatu."

"Viatu vina ubaya gani? Sijateleza."

"Utateleza. Kaa, nimesema. Au kamkimbize na buti zako."

Kitwana alikaa. Kwa mara ya tatu fundi hakuwa na haraka. Alipigilia misumari yenye vichwa vya duara chini ya wayo, akaacha kisigino kinapwaya kidogo, kinainuka na kurudi. Kitwana akapiga hatua moja juu ya jiwe la mlangoni.

"Mbona yanagonga?"

"Kwato za mbuzi hazigongi? Na wewe umeshaona mbuzi akiteleza jabalini?"

Kitwana akapiga hatua nyingine, kwa nguvu zaidi, halafu akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie. "Kama gwaride," alisema. Akajinyoosha, akatoka mbio.

Safari hii fundi hakumwangalia kabisa. Macho yake yalikuwa kisimani. Kichaka kilikuwa kimetulia, hata jani halijatikisika, Chausiku alipoinua kichwa. Akalivuta beseni kando ya njia, akakaa juu ya jiwe, akajifuta mikono kwa upindo wa kanga. Alikwisha kukauka mikono, Kitwana ndipo alipotokeza.

"Sasa mkeo kanipisha mapema," alisema, akihema. "Kumbe hufundishika."

"Polepole."

"Na hayatelezi. Nimepita jabali lile kubwa kama napita sebuleni. Umeona? Ukitaka, unaweza kufanya kazi ya maana."

"Yachukue. Sasa yameiva."

Kitwana hakushukuru. Aliokota buti zake, akashika njia ya Kaole, kifua mbele, mpaka akapotelea minazini.

Chausiku aliingia akiinamia mlango, akatua beseni.

"Umemsikia toka wapi, Mama Mina?" fundi aliuliza.

"Toka mikokoni."

Akatia mkono ndani ya beseni, akavuta kikoi, akakikamua. Akakitandaza mezani, pembe iliyochanika ikalala ubavuni mwa kile kipande alichokiacha koplo, pindo jekundu likakutana na pindo jekundu.

"Nipe sindano, Baba Mina," alisema. "Alfajiri nitakivaa."