Boila la Kajetani

Fundi Osmund alirudi kutoka Umatengoni na joto la jiko la Mama Bernadina limeandikwa nyuma ya pakiti ya sigara: nyuzi thelathini na moja, pale penye kigoda chake, hatua mbili kutoka mafigani.

"Thelathini na moja?" Kajetani alishika kichwa. "Huyu mama anakaa au anaokwa?"

"Kasema hivyo hivyo, bosi. Chumba kikipungua hapo, haji. Halafu mambo ya kule kijijini siku hizi..."

"Fundi, mimi nimekutuma joto. Sikukutuma mambo."

Fundi anayetaka kazi anajua wakati wa kufunga mdomo.

Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa, Kajetani alikuwa amejifanya mkurugenzi. Alichongesha muhuri, akanunua na mkoba wa ngozi wa kuutilia. Kilichobaki kilikuwa kahawa yenyewe, na mtambo wa kuimenya. Mtambo unataka maji, na maji yalikuwa shambani kwa mama yake, huyo Bernadina: kijito kisichokauka, na barabara ya lori inapita mlangoni. Wenzake wa biashara alikwisha kuwaambia shamba ni lake. Ila mama alikuwa bado yumo ndani. Kila akiombwa ahamie kwa mwanawe Lizaboni, alijibu kwamba nyumba za saruji za mjini zina baridi ya kaburini na yeye hajafa.

Mtu mwingine angenunua blanketi. Lakini Kajetani alikwisha kufika Ujerumani, wiki mbili nzima, kwa mwaliko wa parokia rafiki. Kule alilala katika nyumba ambayo boila la dizeli lilikaa chini, likapeleka maji ya moto kwenye mabomba ya ukutani na kupasha joto kila chumba hadi msalani. Tangu siku hiyo blanketi aliliona ushamba. Akaamua kuongeza chumba nyuma ya nyumba yake, chenye boila. Boila lenyewe alilipata Dar es Salaam, kuukuu, limeteremshwa kwenye kontena moja na baiskeli za mitumba.

Osmund, aliyelisha kuni boila la kufulia la hospitali ya misheni miaka kumi na miwili, alimchorea ramani kwa mkaa juu ya meza.

"Pampu tuiache. Umeme wetu unaujua. Tuchimbe shimo, boila likae chini kuliko chumba, mabomba tuyalaze kwa mteremko. Maji yakichemka yatapanda yenyewe kwenye rejeta za ukutani, yakipoa yatashuka. Tangi la dizeli likae nje, mbali na dirisha."

"Na moshi?"

"Dohani ipite juu ya paa. La sivyo tutamkausha mama kama dagaa."

Kunegunda, mke wa Kajetani, alisimama mlangoni na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. "Mwaka wa nne huu naomba sinki. Leo mabomba yanapita mbele ya jiko langu yakikimbilia kwa mama mkwe. Hongera, baba!"

"Ukiwa na shamba lenye kijito, nawe utawekewa."

Kazi ikaenda mwezi wa tano wote. Kila Osmund alipotumwa Umatengoni alirudi na agizo jipya. Mama anataka bomba lipite ubavuni mwa kitanda. Mama anataka benchi juu ya bomba, la kuanikia miguu. Mara ya mwisho mama aliuliza boila litawaka lini, maana anataka kuhama kabla ya katikati ya mwezi wa sita.

"Umeona?" Kajetani alipiga makofi. "Kalainika!"

"Mizigo kashafunga, bosi. Juzi hata kuku sikuwakuta."

Kajetani alimpelekea Kunegunda habari hiyo kama mtu aliyeshinda kesi. Kunegunda akauliza kuku wamechukuliwa na nani. Akajibiwa kwamba mkurugenzi hashughuliki na kuku.

Siku ya kuwasha, kiungo kimoja kilifumuka, kikamwaga maji meusi juu ya kochi jipya. Dohani nayo ilitapika moshi mtaa mzima, mpaka jirani yao Pankrasi akapiga hodi kuuliza kama siku hizi wanakausha tumbaku. Kajetani alimcheka. Osmund akakaza viungo, akasafisha kichomeo, na siku ya tatu chumba kikafika nyuzi thelathini na mbili. Kajetani mwenyewe alikuwa amesimama katikati, fulana imelowa jasho, anacheka peke yake.

Osmund akatumwa na gari la kuazima kumleta mama. Bibi kizee aliingia polepole, akapapasa rejeta, akapapasa bomba. Akavua kanga moja, ya pili, na sweta. Akaketi kwenye benchi, akanyoosha miguu.

"Ahaa!" alisema. "Hapa sasa ni nyumba. Mungu akubariki, mwanangu."

Kajetani hakungoja hata chai ichemke. Alifungua mkoba wa ngozi, akatoa karatasi, muhuri na kidau cha wino.

"Mama, weka dole gumba hapa tu. Shamba lisije likakaa bila mwenyewe."

"Lina mwenyewe," mama alisema, macho ameyafumba kwa raha. "Nilimwandikia dada yako Adela, pale ofisi ya kijiji, tangu Kwaresima. Nimetoka asubuhi wanaibomoa nyumba yangu, Adela anaweka mtambo wa kumenya kahawa. Sasa mimi ningelala wapi, baba, na baridi hii?"