Kiapo cha Shamba la Ufuta

“Jina lako halitaandikwa, mama. Nitakupa namba tu,” alisema yule binti wa chuo kikuu anayetafiti mageuzi ya shule. “Nawahoji walioongoza mgomo tu. Ndiyo kwanza nashuka kutoka Ruangwa mjini.”

Nikamwingiza ndani, nikarudishia mlango.

Tulikuwa wanawake watano tulioongoza mgomo ili shule yetu isiunganishwe na ile ya mbali. Shambani kwenye ufuta tuliapa kutozungumza na mgeni yeyote, maana maneno ya hapa hufika halmashauri kabla hayajapoa. Mimi ndiye niliyewaapisha wenzangu. Binti huyu nilimkaribisha kwa sababu moja: sikumwamini mwenzetu Mwanaima, yule mbangua korosho, kwamba atatunza kiapo.

Alipofungua daftari niliona vidole vyake. Vilikuwa vimebabuka, vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho.

“Umebangua korosho kwa nani?”

“Ah, mama! Nimejaribu tu.” Akacheka, akavikunja.

Kwa Mwanaima. Nilijua tu! Yule mwanamke hana kifua.

Binti akaandika juu kabisa ya karatasi, nami nikanyoosha shingo nikasoma: Mzazi wa Tano.

“Tuanze, mama?”